Upepo wa Pikipiki Haupimwi kwa Geji ya Lori

Mhadhara kwa waendesha bodaboda, Mombo, mkoani Tanga

Asalaam aleikum, Bwana asifiwe, habari za asubuhi. Mwenyekiti wa kijiwe amenipa nusu saa. Nikizidisha pigeni honi, mnazo.

Jana jioni nilikaa pale kwenye kompresa, wanapoegesha malori yanayokwenda Arusha. Pikipiki tisa zilikuja kujaza upepo. Wengi walibonyeza tairi kwa kidole gumba, mmoja akalipiga teke, akaridhika, akaondoka. Aliyetazama geji alikuwa mmoja tu, na yenyewe ilikuwa geji ya lori.

Ubaya wa geji ya lori ni upi? Uso wake unaanza 0 unafika 160, maana tairi la lori hujazwa upepo wa paundi mia na zaidi (paundi hapa ni msukumo kwa kila inchi ya mraba, ile PSI). Na geji za mshale kwa kawaida kosa lao huhesabiwa kwa kipimo chote, si kwa namba unayoisoma. Tuseme inakosea asilimia 2. Kwenye geji ya 160 hizo ni paundi 3. Mwenye lori aliyejaza 110 hana habari nazo. Lakini tairi lako la mbele linataka 25! Geji inayoishia 60, kwa asilimia ile ile, itakukosesha paundi moja na kidogo. Basi nunua yako, iishie 60, itunze kwenye soksi kuukuu chini ya kiti.

Nasema itunze kwa sababu yalinikuta. Geji yangu ya mshale ilianguka sakafuni, kioo hakikupasuka, nikaiokota nikaendelea na kazi. Wateja wakaanza kurudi: fundi, usukani mzito, fundi, tairi linalika pembeni. Nikawatafutia ubaya kwenye beringi, wiki tatu nzima. Siku moja mwenzangu akapima tairi nililotoka kulijaza, yake ikasema 22, yangu 28. Mshale ulikuwa umehama. Tangu hapo, kila nikishika geji natazama kwanza: haijagusa tairi, mshale uko kwenye sifuri? Na mara moja moja nailinganisha na ya mwenzangu.

Kompresa nayo ina hila. Ukiminya kifyatulio mshale unaruka 40, 50, unadhani tairi limejaa. Hapo unasoma msukumo wa ndani ya mpira wa kompresa. Achia, ngoja mshale utulie, ndipo usome. Halafu tairi letu ni dogo, upepo wake ni haba. Ule mlio wa "sss" unapobandika geji, ambao wa lori haujali, sisi unatuibia. Valvu ya nyuma imejificha kati ya njiti na sproketi, mkono hauingii vizuri, geji inakaa upande. Zungusha gurudumu mpaka valvu ije chini mahali penye nafasi, bandika geji wima, kwa mkupuo mmoja. Ukipima mara mbili ukapata 27 na 29, shika 29, kwani kuvuja hushusha namba, hakuipandishi. Na ukikuta valvu imelala upande, usiinyooshe kwa koleo: tairi limekuwa likitembea na upepo mdogo, limeteleza kwenye ringi na kuivuta tyubu.

Namba zenyewe ziko kwenye kibandiko, aghalabu karibu na kava la cheni. Ile iliyochongwa ubavuni mwa tairi iacheni, hiyo ni ya mwisho tairi linaloweza kustahimili. Pikipiki nyingi za cc 125 na 150 tunazopanda hapa ni mbele 25, nyuma 28 ukiwa peke yako, 32 ukipakia. Gunia la kabichi kutoka Lushoto nalo ni abiria, hata kama halilipi nauli.

Na zote hizo ni namba za tairi lililopoa, yaani limelala saa tatu au zaidi. Ndani ya tairi joto likipanda nyuzi kama 7, mshale unapanda paundi moja. Umeshuka mlima kutoka Soni, tairi linaunguza kiganja, geji inasema 36. Unashtuka, unatoa mpaka 32. Kesho alfajiri unalo 28, na abiria wawili wanakungoja (nawajua nyie, mishikaki hamjaiacha).

Naam, mdogo wangu hapo nyuma? Anauliza kama mlima wenyewe unabadilisha kipimo. Unabadilisha. Geji inapima tofauti ya upepo wa ndani na hewa ya nje, na Lushoto, mita 1,000 hivi juu yetu, hewa ya nje ni nyepesi. Tairi lile lile, bila kuongezwa kitu, litasoma paundi moja na nusu zaidi. Lakini kule kuna baridi, nayo inapunguza sehemu kubwa ya hizo. Kwa hiyo ukifika juu usiguse kitu. Anayelala Lushoto apimie Lushoto asubuhi, anayelala Mombo apimie hapa.

Tuonyeshane sasa. Wewe wa jaketi jekundu, pikipiki yako iko hapa tangu saa ngapi? Tangu jana usiku? Vizuri, imepoa. Fungua kifuniko cha valvu, hapana, usiteme mate bado kutazama kama valvu inavuja, tunapima kwanza.