Shule Si Mahakama: Wajibu wa Mwalimu Mtoto Anapofungua Kinywa

Mhadhara kwa walimu wakuu, walimu wa malezi, kamati za shule na wazazi, Mbagala, Dar es Salaam

Waheshimiwa wenyeviti wa mitaa, walimu wakuu, walimu wa malezi, wajumbe wa kamati za shule, wazazi na walezi mliofika hapa, assalamu alaikum, Bwana Yesu asifiwe, na kwa wakubwa zangu wote, shikamooni.

Nimeombwa nizungumzie ulinzi na usalama wa mtoto katika shule ya msingi. Mada ni pana, nami nimeamua kusimama zaidi mahali pamoja, yaani kile kinachotokea tangu dakika ile mtoto anapomweleza mtu mzima shuleni kwamba ametendewa jambo baya, hadi taarifa hiyo inapofika mikononi mwa wale ambao sheria imewapa mamlaka ya kuichunguza. Kwa jinsi nilivyoiona kazi ya ustawi wa jamii katika jiji hili, hapo ndipo tunapowapoteza watoto wengi. Mabango tunayo, miongozo tunayo, na Serikali imeelekeza shule ziwe na Dawati la Ulinzi na Usalama wa Mtoto. Kinachopungua ni kuelewa kwamba shule si mahakama wala kituo cha polisi, na kwamba mwalimu hakupewa kazi ya kupima kama mtoto anasema kweli au anadanganya. Kazi yake ni kusikiliza, kuandika, na kuipeleka taarifa siku hiyohiyo.

Ukubwa wa tatizo unajulikana. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika mwaka 2009 na kutangazwa mwaka 2011 kwa ushirikiano wa Serikali, UNICEF na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono angalau mara moja kabla ya kufikisha miaka 18. Naomba namba hiyo ya wavulana isiwapite, kwa sababu bado wapo miongoni mwetu wanaoamini kwamba jambo hili ni la mabinti peke yao. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba takriban nusu ya wasichana, na zaidi ya theluthi mbili ya wavulana waliopatwa na hayo, hawakumweleza mtu yeyote. Maana yake ni kwamba mtoto anayekuja kukueleza amekwisha kuvuka kizuizi ambacho wenzake wengi walishindwa kukivuka, na namna utakavyompokea ndiyo itakayoamua kama ataendelea kusema au atanyamaza.

Chukueni mfano huu, ambao nimeutunga kutokana na mambo ya kawaida ya kazi yetu ili usimwelekee mtoto yeyote. Ni saa ya mapumziko, mwalimu wa zamu anasimamia foleni ya uji. Mtoto wa darasa la tatu anajivuta nyuma ya wenzake, kikombe chake cha plastiki mkononi, kisha anasema, "Mwalimu, mimi sitaki kupanda gari la shule." Mwalimu anamuuliza kwa nini. Mtoto anaangalia chini, anasema, "Anko wa gari ananishika huku," na anaonyesha kwa mkono.

Katika shule nyingi, kinachofuata ni hiki. Mwalimu anashtuka na kupaza sauti, "Anko gani? Anakushika wapi?" Foleni nzima inageuka. Mtoto anapelekwa ofisini, walimu wanne wanamzunguka, kila mmoja ana swali lake, na mmoja wao, tena kwa nia njema kabisa, anamwambia kwamba mtoto mzuri hasemi uongo. Mwalimu mkuu anaagiza konda aitwe. Konda anakuja, anasimamishwa mbele ya mtoto, kisha mtoto anaulizwa, "Haya, sema mbele yake, ni kweli?" Mtoto wa miaka tisa, amesimama mbele ya mtu atakayempandisha gari saa nane mchana, anajibu, "Sijui." Wakubwa wanatazamana, wanahitimisha kwamba alitumwa au alisikia kwa wenzake, na jambo linakwisha hapo. Konda amejua nani amesema, na kesho gari linaondoka kama kawaida.

Hakuna hata mmoja katika ofisi ile aliyekusudia kumdhuru mtoto. Wote waliamini kwamba haki ni kumsikiliza kila upande kabla ya kuchukua hatua. Kanuni hiyo ni njema mahali pake, na mahali pake ni mahakamani, baada ya upelelezi, mbele ya hakimu. Shuleni inageuka kuwa njia ya kumnyamazisha mdogo na kumpa taarifa mkubwa, tena inaharibu ushahidi.

Sasa tumrudishe mwalimu yule kwenye foleni ya uji. Anachotakiwa kufanya ni kutulia usoni na katika sauti, kumtoa mtoto pembeni mahali ambapo wanaonekana lakini hawasikiki, na kumwacha aseme kwa maneno yake. Maswali yawe machache na yawe wazi: "Ilikuwaje?", "Ni nani?", "Ilikuwa lini?" Swali lenye jibu ndani yake, kama vile "Alikuvua nguo, sivyo?", lisitoke kabisa, kwa sababu mtoto hujibu kile anachoona mkubwa anakitaka, na wakili wa upande wa pili atakuja kuuliza ni nani aliyemtilia maneno mdomoni. Mwalimu pia asimwahidi kwamba hatamwambia mtu, kwa kuwa hiyo ni ahadi ambayo sheria haimruhusu kuitimiza, na mtoto akigundua imevunjwa hatamwamini mtu mzima mwingine. Amwambie, "Umefanya vizuri kuniambia. Si kosa lako. Nitawaeleza watu ambao kazi yao ni kukusaidia."

Baada ya hapo anaandika. Nimesoma taarifa za shule zinazosema, "Mwanafunzi amedai kufanyiwa vitendo visivyofaa na mfanyakazi." Sentensi hiyo ina adabu, lakini haimsaidii mpelelezi hata kidogo. Andikeni tarehe, saa, mahali, nani alikuwepo, swali lililoulizwa, na maneno ya mtoto kama yalivyotoka: "Anko wa gari ananishika huku," na mabano yanayoeleza alionyesha wapi. Ikiwa mtoto ametumia neno la nyumbani kwao kuitaja sehemu ya mwili, liandikwe hilohilo. Sheria yetu ya Ushahidi inamruhusu mtoto mwenye umri usiozidi miaka 14 kutoa ushahidi bila kiapo, akiahidi kusema kweli na kutosema uongo, na katika makosa ya kujamiiana mahakama inaweza kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto peke yake ikiridhika kwamba anasema kweli. Kwa hiyo karatasi ile ya mwalimu wa zamu, iliyoandikwa kabla wakubwa hawajaanza kulijadili jambo lenyewe, ina uzito kuliko vikao vyote vitakavyofuata.

Taarifa inakwenda wapi? Inakwenda kwa mwalimu wa dawati na mwalimu mkuu, na kutoka hapo, siku hiyohiyo, kwa afisa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Simu ya mtoto, namba 116, ni ya bure, na mwalimu asiyejua aanzie wapi anaweza kuipiga. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye ushahidi au taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aipeleke kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake. Haisemi asubiri uthibitisho. Na kama anayetajwa ni mwalimu mkuu mwenyewe, mwalimu aliyepokea taarifa anaipeleka moja kwa moja kwa hao niliowataja bila kuomba ruhusa ya ofisi.

Panapokuwa na dalili za kubakwa au kulawitiwa, hospitali inatangulia. Dawa za kuzuia maambukizi ya Virusi vya UKIMWI zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Mtoto asiogeshwe, na nguo alizovaa zisifuliwe bali ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, maana ndani ya plastiki unyevu huharibu ushahidi. Fomu ya polisi namba tatu, PF3, itahitajika kwa ajili ya kesi, lakini kukosekana kwake kusiwe sababu ya kumchelewesha mtoto kufika kwa daktari.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniumiza kuliko yote, nalo ni kumalizana. Mzazi anaitwa shuleni, analia, anaondoka na mtoto, na baada ya siku tatu anarudi akiwa na mjomba na shangazi kusema wamekwisha kuyazungumza kifamilia. Mara nyingine pesa imepita, mara nyingine mtuhumiwa ndiye anayelipa kodi ya chumba wanachoishi, mara nyingine ni aibu tu, hasa mtoto anapokuwa wa kiume. Naielewa hofu hiyo, na simdharau mama aliyewekwa katika njia panda ya namna hiyo. Hata hivyo kesi ya ubakaji ni ya Jamhuri, na mzazi hana mamlaka ya kusamehe kwa niaba ya mwanawe. Adhabu ya kumbaka mtoto ni kifungo kisichopungua miaka 30, na kwa binti aliye chini ya miaka 10 ni kifungo cha maisha. Ninyi wenyeviti wa mitaa mnaombwa mihuri na barua za suluhu. Tafadhali msizitoe. Nanyi walimu wakuu, mwalimu anayetuhumiwa asiombewe uhamisho kimyakimya kwenda shule nyingine, kwani huko nako kuna watoto, na hakuna atakayekuwa ameonywa.

Najua walimu waliopo hapa wanajiuliza: na mimi nikisingiziwa? Swali hilo ni la haki, na jibu lake linapatikana katika mpangilio wa shule wa kila siku. Mwanafunzi asitumwe peke yake nyumbani kwa mwalimu kupeleka madaftari, kuchota maji wala kufagia. Mazungumzo ya mtu mmoja na mtoto yafanyike mlango ukiwa wazi. Tuisheni ya jioni iwe darasani, si chumbani kwa mtu, na mwalimu mkuu ajue nani anafundisha nani na hadi saa ngapi. Stoo ifungwe na ufunguo ukae mahali pamoja. Vyoo vilivyo nyuma ya majengo, karibu na ukuta uliobomoka ambapo vijana wa mtaani hupita, vipitiwe na mwalimu wa zamu, hasa katika shule zenye awamu mbili, wakati wa asubuhi wanatoka na wa mchana wanaingia. Katika gari la shule, ulizeni ni mtoto gani anayeshushwa wa mwisho, anabaki na nani, na kwa muda gani. Mzazi anayemlipa bodaboda kwa mwezi ajiulize vivyo hivyo. Mwalimu anayefuata mpangilio huu hawezi kwa urahisi kutuhumiwa kwa yaliyofanyika sirini, kwa kuwa hana sirini na mtoto.

Kuhusu viboko nitasema kwa ufupi, ingawa najua vina watetezi wengi katika ukumbi huu. Kanuni za mwaka 2002 zinasema adhabu hiyo itolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, isizidi viboko vinne, iandikwe kwenye kitabu, na msichana achapwe na mwalimu wa kike pale anapokuwepo. Kila mmoja wenu anajua kinachofanyika madarasani ni tofauti na hayo. Mtoto aliyechapwa asubuhi kwa kuchelewa hatamwendea mwalimu huyohuyo mchana kumweleza kwa nini alichelewa, yaani kwamba kuna mtu anamvizia njiani. Mimi ningependa fimbo iondoke kabisa shule za msingi. Wakati sheria bado inairuhusu, basi angalau mwalimu wa malezi asiishike kamwe, ili watoto wajue yupo mmoja wanayeweza kumkaribia.

La mwisho ni kurudi kwa mtoto darasani. Tunajitahidi kuripoti, kisha tunamsahau. Anarudi akiwa na wiki mbili za masomo zilizompita, na wenzake wamekwisha kusikia. Mwalimu wa darasa azime maneno hayo mapema, ajue kwa siri ni nini kilitokea bila kupewa undani asiouhitaji, na amwachie mtoto nafasi ya kutoka nje pale anapolemewa bila kuulizwa mbele ya wenzake. Kesi itamwita zaidi ya mara moja, na kwa wakazi wa Mbagala safari ya kwenda mahakamani na kurudi inaweza kula siku nzima. Siku hizo zisiandikwe utoro kwenye daftari la mahudhurio. Mwalimu mkuu aweke alama ya ruhusa, barua ya wito ibaki kwenye faili lililofungiwa ofisini, na mitihani aliyokosa apangiwe siku nyingine kama anavyopangiwa mtoto aliyelazwa hospitalini.

Nawashukuru kwa kunisikiliza. Nitaanza na maswali ya walimu wa malezi, kisha wenyeviti wa mitaa.