Kupaka grisi juu ya uchafu siyo sevisi

Haya wazee, sogeeni mbele, na nyie matingo msijifiche huko nyuma maana kazi yenyewe mnaifanya nyie. Leo ni fifthi wili tu, ile sahani nyuma ya kichwa cha lori inayobeba tela.

Grisi wote mnapaka, sina ugomvi, ila mnapaka juu ya ile ya zamani. Gari limetoka Tunduma, vumbi lote la daivashen limeganda pale, chukua kidogo sugua na vidole, si unaskia inakwaruza? Hiyo siyo grisi tena ni msasa, kila kona unayokata inakula sahani, inakula kingpini, ile pini ya chini ya tela, inakula taya zinazoishika. Kwa hiyo achia tela, kwangua yote, osha, futa na tambara mpaka chuma kionekane.

Na hapo usikimbilie kopo la grisi, angalia kwanza. Ukiona mstari wa kutu umechirizika kutoka kwenye bolti, ujue hiyo imelegea inacheza, hata kama kwa mkono iko ngumu. Inakazwa na toku renchi kwa kipimo cha kitabu cha sahani hiyo, sio bomba na nguvu za ugali. Ukikuta ufa, gari halitoki, na fundi wa kuchomelea asiguse, mnanielewa? Kingpini ya inchi mbili ikiwa mpya ni milimita 50.8, pima na venia, kile kipimo cha kubana, ikifika 49 inabadilishwa.

Sasa paka, juu ya sahani na kwenye taya. Zile zenye plastiki juu, sahani haitaki grisi, paka taya tu. Sahani ikikauka utajua, usukani unakuwa mzito, unakata kona kichwa kinang'ang'ania kwenda moja kwa moja, hatari hasa mvua ikinyesha.

Ukifunga tela shuka na tochi. Taya ziwe zimeshika shingo ya kingpini, na kati ya sahani na tela pasionekane mwanga. Wengi mnavuta kidogo, ikigoma kuachia mnaondoka, lakini kingpini ikikaa juu juu inaweza kuvumilia hapo yadi ikaja kuachia mlima Kitonga.

Kuna mlio wa kugonga ukiondoka au ukishika breki? Funga breki za tela, sukuma kichwa mbele nyuma taratibu, mtu akiangalia kutoka pembeni, siyo katikati. Ikicheza, taya zinataka kurekebishwa. Nani ana venia hapo, tukapime hili la kwanza.