Mpira wa Usukani Usiozunguka: Mhadhara kwa Mafundi na Waendeshaji wa Baiskeli za Mlimani, Mbale

Ndugu zangu, habari za asubuhi. Nawashukuru mafundi mliofunga vibanda vyenu mkaja, maana najua kazi ya leo haitarudi kesho. Tutatumia Kiswahili ili fundi wa Busia na kijana wa Kapchorwa waelewane bila mkalimani.

Nimeombwa nizungumzie mpira wa usukani, ule unaoshikwa na kiganja. Wapo waliouliza kama kitu kidogo hivyo kinastahili mhadhara. Kinastahili. Ukiteremka kutoka Kapchorwa kupita Sipi, uzito wa mwili wote unakwenda mbele. Kidole kimoja au viwili viko kwenye breki, vilivyobaki vimeshika mpira. Mpira ukizunguka, kifundo cha mkono kinazunguka nao, kidole kinapoteza breki na gurudumu la mbele linageuka bila amri yako. Ukichomoka, umebaki na mpira mkononi na usukani hauna mtu. Fundi anayefunga mpira ameshika shingo ya mwenzake, na naomba tuifanye kazi hii kwa uzito huo.

Jambo langu kuu ni moja, nanyi mtalisikia tena na tena: chochote kinachoulainishia mpira njia ya kuingia kitaulainishia pia njia ya kutoka, isipokuwa kile kinachokauka chote na kuondoka. Makosa mengi ninayoyaona vibandani yanatokana na kulisahau hilo. Mpira mpya unabana, mteja anasubiri, kopo la oili liko karibu. Tone moja, mpira unateleza hadi mwisho, mteja analipa. Siku hiyo unaonekana umeshika. Mvua ya kwanza ya Machi ikinyesha, jasho na maji vinaingia, oili bado imo ndani, na mpira unaanza kucheza.

Tuanze na vipimo, kwa haraka. Usukani wa baiskeli ya mlimani, pale panapokaa mpira, una kipenyo cha milimita 22.2. Katikati, unapobanwa na shingo, yaani kile kipande kinachouunganisha na fremu ya mbele, huwa mnene zaidi, milimita 31.8 au 35 kwa baiskeli za kisasa, lakini kwenye mikono hurudi kuwa 22.2. Kwa hiyo mpira wa baiskeli ya mlimani unaingia karibu kila usukani ulionyooka. Ule uliopinda kama pembe, wa baiskeli za mashindano ya barabarani, ni milimita 23.8, usilazimishe.

Sasa kuutoa mpira wa zamani. Kama hautumiki tena na usukani ni wa chuma au alumini, uchane kwa kisu kwa urefu, umalize. Kama usukani ni wa kaboni, kisu kikae mbali kabisa. Mkwaruzo mdogo kwenye kaboni ni mwanzo wa ufa, na ufa wa kaboni hautangulizi taarifa. Kama mpira bado mzima na unataka kuuokoa, chukua spoki kuukuu, lainisha ncha yake kwa tupa, iingize taratibu chini ya ukingo, inua kidogo, tia maji au spiriti, kisha zungusha mpira huku na huku. Utaachia. Mwenye kompresa ya upepo ana njia rahisi zaidi: upepo ukiingia chini ya ukingo, mpira unavimba na kutoka wenyewe. Hapa kwenye kutoa, hata maji ya sabuni hayana ubaya, mradi baadaye uoshe usukani na mpira kwa maji safi mpaka utelezi uishe.

Kusafisha ndiko nusu ya kazi, na ndiko kunakorukwa. Futa usukani kwa kitambaa safi chenye spiriti, kigeuze, ufute tena, mpaka kitambaa kitoke bila weusi. Pitisha na ndani ya mpira, ukisukuma kitambaa kwa kijiti. Kama usukani umekatwa kwa msumeno, piga tupa kwenye ukingo wake, kwa sababu vijino vya alumini vitauchana mpira kwa ndani.

Kuhusu spiriti nataka niseme taratibu. Si kila chupa ya duka la dawa inafaa. Baadhi ya spiriti za kusafishia ngozi huchanganywa na mafuta ya nyonyo ili zisikaushe ngozi. Kwa muuguzi hilo ni jema, kwetu ni oili iliyojificha. Dondosha tone kwenye kioo, liache likauke, kisha pitisha kidole. Ukiona ukungu au utelezi, irudishe kabatini. Sanitaiza nayo nyingi huwekwa gliserini, nayo hubaki. Na jamani, spiriti inawaka. Msiifungue karibu na jiko la mama wa chai.

(Swali kutoka kwa fundi: vipi petroli?)

Ahsante, mzee wangu, nilijua litakuja. Petroli inaondoa gundi ya zamani kwenye alumini, hilo ni kweli. Lakini ikiingia ndani ya mpira inauvimbisha na kuuharibu, na mafuta ya taa ni mabaya zaidi kwa sababu yanaacha mafuta. Ukilazimika kutumia petroli, itumie juu ya usukani peke yake, mpira ukiwa mbali, kisha malizia kwa spiriti.

Kuingiza. Hakikisha kwanza mkono wa breki na wa gia viko mahali pake na vimekazwa, maana mpira ukishaingia hutataka kuutoa. Angalia kushoto na kulia, mipira mingi ina upande wake, na kama ina vijimraba upande mmoja, kwa kawaida hukaa chini, vidole vinapokunjika. Mimina spiriti kidogo ndani ya mpira, ziba tundu kwa kidole, tikisa, mwaga iliyozidi, kisha sukuma mara moja kwa nguvu huku ukizungusha. Usisite katikati, kwa sababu spiriti hukauka haraka na mpira utakwama. Ukifika mwisho, una sekunde chache za kuunyoosha ukae sawa. Basi, uache. Usipande. Ndani ya mpira hewa haiingii vizuri, spiriti iliyonaswa huchukua saa nyingi kutoka. Mimi huziacha baiskeli zilale hadi kesho yake. Mteja akilalamika, mweleze sababu. Akielewa atarudi kwako.

Wasio na spiriti wanaweza kutumia maji matupu kwa mipira ya silikoni, ila watasubiri zaidi. Spreya ya nywele inafanya kazi: ikiwa mbichi inateleza, ikikauka inanata. Ila kwenye mvua za huku kwetu siiamini peke yake. Solusheni ya kuzibia pancha, safu nyembamba, inashika vizuri sana, lakini jua kwamba mpira huo utatolewa kwa kisu. Supagluu sipendi. Inakauka ngumu na kuvunjika vipandevipande, halafu usukani unabaki na magamba.

Kwa wanaoshindana kwenye matope nawapendekezea waya. Ni kazi ya zamani ya waendesha pikipiki za mashindano. Tafuta waya mwembamba usioshika kutu, unene wa kama milimita 0.8, si waya wa kufungia nondo, huo ni mnene na utaoza. Zungusha kwenye mfereji ulio karibu na ukingo wa ndani, na mwingine kuelekea nje, pinda kwa koleo mpaka uzame kidogo kwenye mpira, kata mkia ubaki mfupi, kisha uzike ncha ndani ya mpira kuelekea mbele na chini, mahali kiganja hakifiki. Ncha ikiachwa nje itakata mtu.

Sasa mipira ya kubanwa kwa bolti. Hii ina mrija mgumu wa plastiki ndani na pete ya alumini upande mmoja au pande zote mbili. Pete hubana usukani kwa bolti ndogo ya alenki, ule ufunguo wa pembe sita, nyingi za milimita 2.5 au 3. Haihitaji spiriti ya kuingizia wala kusubiri, unafunga na kupanda saa hiyo hiyo. Kwa fundi anayehudumia watalii au kukodisha baiskeli, nashauri hii bila kusita. Hasara yake ni kwamba ule mrija unakula nafasi, hivyo mpira wenyewe huwa mwembamba na mtikisiko wa murramu unafika mkononi zaidi. Silikoni ni laini na nyepesi kuliko hiyo.

Hata hii, safisha usukani kwanza. Pete ikae sawasawa na mwisho wa usukani, isining'inie hewani, maana pete isiyo na chuma ndani yake itapinda na kuvunjika. Kichwa cha bolti kikae mahali alenki inafika na kidole gumba hakigusi. Kaza kidogo, pima ukiwa umekaa juu ya baiskeli, kisha malizia. Nguvu ya kukaza mara nyingi imeandikwa kwenye pete, kwa kawaida kati ya nyutoni mita 2 na 5. Hiyo ni ndogo! Ni nguvu ya vidole viwili kwenye alenki fupi. Wengi hapa tuna mikono iliyozoea kukaza ekseli, na hapo ndipo nyuzi za bolti zinapolika. Kwenye usukani wa kaboni fuata namba ya chini kati ya ile ya usukani na ile ya pete. Baadhi ya watengenezaji hawataki kabisa pete ya nje ibane kaboni, kwa hiyo chagua mpira wenye pete ya ndani tu.

Jambo ambalo sitawaachia mlipuuze ni vifuniko vya mwisho. Usukani ulio wazi ni mrija wenye makali, na mtoto akiangukia tumboni unaingia mwilini. Kiwango cha kimataifa cha usalama wa baiskeli, ISO 4210, kinataka ncha zote za usukani ziwe na mpira au kifuniko. Baiskeli za mtumba nyingi zinafika hapa ncha ziko wazi, na mipira ya kawaida nayo hutoboka kwa kuangushwa. Kama huna kifuniko, hata kizibo cha mti kilichochongwa kikabana vizuri ni bora kuliko tundu. Nikiona baiskeli ya mtoto iko hivyo kibandani kwako, nitakuomba usiiruhusu itoke.

(Swali kutoka kwa dada mwendeshaji: vidole viwili vya mwisho vinakufa ganzi nikiteremka.)

Pole, dada yangu. Kuna mshipa wa fahamu unaopita kwenye kiganja upande wa kidole kidogo, na usukani unaugandamiza pale. Tazama unene wa mpira. Inapatikana kuanzia takriban milimita 29 hadi 34. Mnene mno kwa mkono mdogo unakulazimisha kukamua muda wote, na mwembamba mno vilevile. Zungusha pia mikono ya breki ili kifundo kisikunjike kwa nyuma. Ganzi ikiendelea hata ukiwa umeshuka, nenda hospitali, usingoje.

Mwisho ni kujaribu. Bana gurudumu la mbele kati ya magoti, shika mpira mmoja kwa mikono miwili, uzungushe kwa nguvu zako zote, kisha uvute kwa nje. Halafu mwagia maji, rudia. Ukisogea hata kidogo, unatoka, unasafishwa, unarudishwa upya. Rudieni hivyo kila mnapoosha baiskeli, na mpira ulioanza kunata kwa jua na jasho, au uliochakaa mpaka mistari imeisha, ubadilishwe.

Baiskeli tatu ziko pale chini ya mwembe, mbili za spiriti na moja ya bolti, na waya upo kwenye boksi. Mafundi wa Busia waanze na kufunga waya kwenye moja ya zile za spiriti, wengine wagawane zilizobaki. Nitapita kwa kila mmoja na kuzungusha mipira yenu mwenyewe.