Kivuli cha Ghorofa Kitaangukia Wapi?

Mbukwenyi!

Walioitikia ni safu mbili za nyuma tu, wengine mmecheka. Ndiyo Dodoma ya leo. Sensa ya 2012 ilitukuta watu 410,956 hapa mjini, ya 2022 ikatukuta 765,179. Wageni tumeshakuwa wengi kuliko salamu za wenyeji, na mimi mwenyewe ni mgeni, msinione nimejifunza neno moja la Kigogo mkadhani ninajua na jibu lake.

Nimeombwa nizungumzie jinsi wananchi wanavyoyapokea maghorofa ya makazi katikati ya mji, hasa yale yanayokuja na maegesho ya magari ndani yake. Nitawapeleka kwenye kikao kimoja nilichohudhuria. Mtaa siutaji, mwenye jengo simtaji.

Tulikaa chini ya mwarobaini, viti vya plastiki vya kukodi, mchoro umebandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya mtaa kwa solotepu. Ghorofa kumi na mbili. Mbili za chini ni magari, zinazobaki ni nyumba za watu. Kwenye mchoro palikuwa na watu wembamba wanatembea na mbwa. Sijui ni nani hapa Dodoma anatembeza mbwa kwa kamba saa saba mchana, lakini tuliache hilo.

Mzee mmoja akasimama na fimbo yake: "Maji yatapanda?" Watu wakacheka, na hawakupaswa kucheka. Mji huu umeishi miaka na miaka kwa visima vya Mzakwe, na kila mwenye simtanki uani anajua kwa nini alilinunua. Jirani wa ukuta mmoja akasema yeye hana shida na jengo, shida yake ni madirisha: wakeze na mabinti wanafua na kuoga uani, sasa watu themanini watakuwa wanawaangalia kutoka juu. Kijana wa bodaboda akaulizia kijiwe chao. Mtumishi mmoja, aliyekuja na wimbi la serikali kuhamia huku baada ya tangazo la 2016, akatetea jengo kwa nguvu. Amepanga Nkuhungu, ofisi yake iko Mtumba, kila siku anaukata mji mzima kwenda na kurudi. "Nyumba zijengwe," alisema, "hata kama ni juu ya mti."

Baada ya hapo kikao kikaingia kwenye hesabu ya ghorofa. Kumi na mbili ni nyingi, ziwe nane. Kwa nini nane, kwa nini zisiwe kumi? Saa nzima na nusu iliishia hapo. Diwani akapandisha, mwenye mradi akashusha, mngedhani tuko Majengo tunanunua mitumba.

Mama lishe mmoja, ambaye sufuria zake zilikuwa palepale nyuma yetu, akaomba nafasi. "Samahani mwenyekiti. Hilo ghorofa, kivuli chake kitaangukia wapi?"

Mwenyekiti akajibu kwamba hilo ni la wataalamu. Mtaalamu nilikuwa mimi, na sikuwa na jibu. Nikaenda nyumbani nikalipiga hesabu.

Tuko karibu nyuzi sita kusini mwa ikweta. Jengo la ghorofa kumi na mbili ni kama mita 36. Mwezi Juni jua la adhuhuri linakaa upande wa kaskazini, kwa hiyo kivuli kinaangukia kusini, urefu wake mita 20 hivi. Desemba jua linahamia kusini, kivuli kinakwenda kaskazini, mita 11 tu. Na mwanzoni mwa Oktoba, wakati Dodoma inaunguza na kila mtu anaitafuta mvua kwa macho, jua la adhuhuri linasimama utosini. Kivuli cha jengo lote lile kinabaki miguuni pake. Mwarobaini wenye matawi mapana unampa yule mama kivuli zaidi ya ghorofa kumi na mbili, katika saa anayouza wali.

Kule nchi za baridi, kivuli ndicho kilio cha kwanza cha majirani: mtatuzibia jua. Huku mtu anauliza kama atagawiwa. Nalisema hili kwa sababu mpango kabambe wa kwanza wa makao makuu, wa 1976, ulichorwa na kampuni ya Toronto, Canada, na siyo kwamba walikosea. Walitaka mji wa watu wanaotembea kwa miguu na kupanda basi, majengo yasiyotaka kumtisha mtu. Miaka hamsini baadaye tunachora ghorofa na kitu cha kwanza kinachogusa barabara ni magari.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo, maana kikao kile hakikupagusa. Gari moja linalala kwenye mita mbili na nusu kwa tano. Mtu anasema ah, mita za mraba 12 na nusu, si kitu. Lakini gari halishuki pale kwa kamba. Linataka njia ya kupita, nafasi ya kukata kona, mteremko wa kupandia. Ukijumlisha, kila gari linakula mita za mraba 25 hadi 30. Magari mawili yameshameza nyumba ndogo ya vyumba viwili. Kuinuka mita tatu kwa mwinuko wa moja kwa nane kunahitaji mita 24 za mteremko, na wenye viwanja vya Uhindini mnajua mita 24 zinaishia wapi: kwa jirani. Gharama yote hiyo inaingia kwenye kodi, na anailipa hata yule anayepanda daladala.

Basi wachimbe chini, mtasema. Jamani, jina la mji huu wazee wanatuambia ni Idodomya, imezama, tembo aliyekwenda kunywa maji akanasa kwenye tope. Na pasipo na tope pana mwamba wa matale ambao mkandarasi anaupasua kwa bei ya kukutoa machozi. Mvua yetu ni ya miezi michache, lakini ikija inakuja kwa hasira, na maji hayahitaji kuoneshwa mlango wa andagraundi.

Kwa hiyo magari yanabaki chini, na yakibaki chini yanataka hewa. Mbunifu anaweka ukuta wa matofali ya matundu, geti na mlinzi. Hatua arobaini za mtaa hakuna fremu, hakuna baraza, hakuna taa. Mtu wa ghorofa ya tisa hauoni ukuta huo, anapita na kiyoyozi. Anayeuona ni mwanafunzi anayerudi saa moja jioni, na upepo wa Agosti ambao jengo refu linaukinga juu na kuuteremsha chini pamoja na vumbi lake.

Mimi nyumba nazitaka. Hata kumi na tano sikatai. Ninachobishia ni mita nne za kwanza kutoka ardhini. Maegesho yasogezwe nyuma, lango liwe uchochoroni, mbele zibaki fremu na baraza, na nafasi ya gari ikodishwe peke yake kwa anayeitaka. Sheria ya 2008 ya umiliki wa sehemu za jengo inatenganisha cha mtu na cha wote. Kabla ya kulipa, soma maegesho yamewekwa upande gani, wa mtu au wa wote.

Nilimwandikia mwenye mradi hayo yote. Hakunijibu, lakini mchoro ulibadilishwa kidogo: fremu tatu, lango limehamia nyuma, ghorofa ni kumi. Mwarobaini ulikatwa Jumanne moja asubuhi ili lori la kokoto lipite. Kwenye mchoro mpya bado upo, palepale, umepakwa kijani, na chini yake amesimama yule mtu mwembamba na mbwa wake.

Mzee wa mbele, mkono wako nimeuona muda mrefu. Karibu.