Beit al Ajaib: jumba lililokula kazi za kila bwana

Asanteni, haya kaeni kaeni, na nyinyi wa nyuma sogeeni mbele kidogo maana hii spika leo inakoroma.

Nianze na mlango. Waliowahi kuingia Beit al Ajaib, lile jumba la maajabu la Zanzibar, kabla haijafungwa wanaukumbuka ule mlango mkubwa wa kuchongwa, wazee wakatwambia eti uliachwa mpana hivyo ili Sultani apite juu ya tembo, mimi ya tembo sijaiamini mpaka leo ila inakuonesha watu walivyoliona jumba lenyewe. Seyyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, kalijenga 1883 na wala halikuwa la kulala, la kulala yalikuwepo mengine pembeni, hili lilikuwa la kupokelea wageni na sherehe, yani kwa kifupi la kutambia. Nguzo za chuma, baraza zimezunguka ghorofa zote, mara umeme, baadae lifti, ndo watu wakasema haya sasa maajabu na jina likaganda. Na familia walikuwa wanavuka juu kwa juu kwenye vivuko kutoka jumba hadi jumba bila mtu wa njiani kuwaona.

Halafu ikaja tarehe 27 Agosti 1896. Seyyid Khalid kakaa kwenye kiti cha usultani, Waingereza hawamtaki, manowari zikapiga dakika kama 40 hivi basi vita imekwisha. Jumba la jirani, Beit al Hukm, likawa kifusi, Ajaib ikanusurika. Mbele yake kulikuwa na mnara wa taa, ule uliharibika vibaya, walipokarabati wakajenga mnara mpya umeshikana na jumba na saa ya ule wa zamani wakaipandisha huko. Kwa hiyo mnara uliokuwa unauona kwenye picha za kalenda ukadhani ni wa Barghash, siyo, ni kiraka cha vita.

Hapo ndo patamu kwangu. Baada ya vita ndo Sultani akahamia humo, likawa makazi ya kifalme mpaka 1911, kisha Waingereza wakaligeuza ofisi za serikali, makarani na mafaili wakajaa kwenye kumbi zilezile za kutambia, jamani, hebu fikirieni mtu anapiga mhuri chini ya dari lile! Baada ya Mapinduzi 1964 chama cha ASP, yani Afro-Shirazi Party iliyoshika nchi, kikaweka humo chuo cha itikadi na makumbusho yake, kwa msaada wa Korea Kaskazini. Kila bwana anaingia na meza zake, hakuna aliyethubutu kulibomoa, kwasababu anayekaa humo anaonekana mkubwa hata kama hana kitu mfukoni.

Miaka ya 2000 ikawa makumbusho ya historia na utamaduni, katikati ya ukumbi wakaweka mtepe, chombo cha kushonwa kwa kamba hakina msumari hata mmoja, na mimi hiyo ndo kazi naipenda kuliko zote ilizowahi kufanya, maana safari hii mwenye kuingia ni mtoto wa skuli na daftari lake.

Mwaka 2012 sehemu ikaporomoka, likafungwa. Tarehe 25 Desemba 2020, mafundi wakiwa ndani ya ukarabati, upande wa mbele na mnara ukashuka, watu wawili wakapoteza maisha.

Sasa kabla ya maswali nataka kila mmoja aniambie, likisimama tena lile, tuliweke kazi gani? Na msiniambie hoteli. Haya, dada mwenye mtandio wa kijani anza wewe.