Kondoo wa Uso Mweupe

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo. Nimefurahi kuona wafugaji na wanafunzi mmekaa kwenye madawati yale yale, kwa sababu jambo nililolileta jioni hii nusu yake iko maabara na nusu yake iko zizini.

Tarehe 5 Julai 1996, katika Taasisi ya Roslin karibu na mji wa Edinburgh, Scotland, kondoo jike mmoja alizaa. Alikuwa wa aina ya Scottish Blackface, kondoo wenye uso mweusi. Mtoto aliyetoka alikuwa na uso mweupe pe. Nyinyi mnaofuga hamhitaji kipimo cha maabara kuelewa hapo: aliyezaa siye mwenye damu. Mwenye damu alikuwa kondoo wa aina ya Finn Dorset, mwenye umri wa miaka sita, na wakati mtoto anazaliwa yeye alikuwa ameshakufa. Seli za kiwele chake ndizo zilizokuwa zimehifadhiwa kwenye baridi kali.

Mtoto huyo ndiye Dolly. Walimpa jina la mwimbaji wa Marekani anayejulikana kwa kifua kikubwa, Dolly Parton, kwa sababu seli yenyewe ilitoka kwenye kiwele.

Kazi ilifanywa hivi. Ian Wilmut, Keith Campbell na wenzao walichukua seli ya kiwele wakainyima chakula mpaka ikatulia, ikawa kama mbegu iliyolala. Wakachukua yai la kondoo mwingine, wakatoa kiini chake, sehemu inayobeba urithi. Wakaiweka ile seli ya kiwele pamoja na yai hilo na kuviunganisha kwa mshtuko mdogo wa umeme. Yai likaanza kugawanyika kana kwamba limerutubishwa na dume. Njia hiyo ndiyo tunayoiita kunakili. Kwa hiyo Dolly alikuwa na mama watatu, wa kiini, wa yai na wa mimba, na baba hakuwa naye. Kabla ya hapo wataalamu wengi waliamini kwamba seli ya mnyama mzima ikishakuwa ya kiwele, ni ya kiwele mpaka mwisho. John Gurdon wa Uingereza alishaonyesha kwa vyura, mwaka 1962, kwamba njia ya kurudi nyuma ipo, lakini kwa wanyama wanaonyonyesha mlango huo ulidhaniwa umefungwa.

Dunia ilipata habari mwishoni mwa Februari 1997. Nilikuwa mwanafunzi wa udaktari wa mifugo, na redio ya bweni letu ilikuwa moja tu, ya mwenzetu wa chumba cha mwisho. Tulisikiliza taarifa ya jioni tumesimama. Ilipokwisha, hakuna aliyeuliza habari za kondoo. Wa kwanza kusema alisema, "Basi watatengeneza watu." Wa pili akasema, "Watatengeneza askari." Wa tatu, kijana wa kanisa mno, akauliza kwa sauti ya chini: "Na roho wataitoa wapi?"

Nimeyafikiria maneno hayo matatu karibu miaka thelathini. Sisi tulikuwa wanafunzi wa wanyama. Tulikuwa tumefundishwa yai ni nini, kiini ni nini, mimba inabebwaje. Na bado, habari ya mnyama ilipofika, tuliruka juu ya mnyama tukaenda kusimama kwenye jeshi la watu wanaofanana. Nani alitupeleka huko? Bunilizi za kisayansi. Kwa zaidi ya nusu karne riwaya na sinema zilikuwa zimeshachora watu wa kutengenezwa viwandani na madikteta wanaofufuliwa kwa nakala. Wengi wetu bwenini hatukuwa tumesoma hata moja ya riwaya hizo. Picha zake zilitufikia tu, kama moshi unavyofika nyumba ya jirani.

Na haikuwa sisi peke yetu. Jarida moja kubwa la Ujerumani lilichapisha jalada lenye nakala za Hitler na Einstein zikiwa zimepangwa kwa safu. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Sisi hatukuwa tumeumwa. Tulikuwa tumesimuliwa nyoka, na tulishtuka vile vile.

Sitaki mtu aondoke hapa akidhani nailaumu hofu ile. Ilifanya kazi. Machi 1997 Rais Clinton wa Marekani alizuia fedha za serikali yake kutumika kunakili binadamu. Novemba mwaka huo huo UNESCO ilipitisha tamko kuhusu jenomu ya binadamu, yaani urithi wote ulio ndani ya seli zake, na kifungu cha 11 kinasema wazi kwamba kumzalisha mtu kwa kunakili ni kinyume cha utu. Wasingekuwa wameshtuka, wasingekwenda kwa kasi ile. Na wapo waliotaka kujaribu kweli: Januari 1998 mwanafizikia mmoja wa Chicago, Richard Seed, alitangaza hadharani kwamba atanakili watu. Desemba 2002 kampuni ya Clonaid, iliyoanzishwa na wafuasi wa dini ya Raël, ilidai mtoto wa namna hiyo amezaliwa. Haikuonyesha ushahidi wowote, lakini kwa siku kadhaa habari ile ilizunguka dunia nzima.

Lile swali la roho nalo ni la heshima, na nitalijibu kama nilivyomjibu yule mwenzangu miaka mingi baadaye, tukiwa watu wazima. Pacha wa kufanana hutoka kwenye yai moja na wana urithi mmoja. Kwetu huitwa Kulwa na Doto. Sijapata kusikia mzee yeyote akiuliza kama Doto alipata roho. Kulwa akilia, Doto anaweza kuwa anacheka. Nakala ya urithi si nakala ya mtu, wala si nakala ya kondoo.

Ninachosikitikia ni yale ambayo hofu iliyafunika. La kwanza ni hesabu. Seli zilizounganishwa zilikuwa 277. Zilizofikia hatua ya kiinitete cha kupandikizwa ni 29. Viliwekwa kwa kondoo 13. Akazaliwa mmoja. Someni namba hizo kama mfugaji, taratibu. Katika kazi hii, kwa kondoo na kwa ng'ombe, mimba nyingi huharibika, na baadhi ya watoto huzaliwa wakubwa kupita kiasi na hufa upesi. Hiyo peke yake ilitosha kumzuia mtu mwenye huruma asijaribu kwa binadamu, bila kumtaja Hitler hata kidogo. Lakini zizi lilikuwa halina mvuto. Nani angelipa nafasi ya ukurasa wa mbele habari ya kondoo aliyepoteza mimba?

La pili ni sababu ya kazi yenyewe. Walikuwa wakitafuta dawa kwenye maziwa. Mwaka 1997 huo huo, Julai, akazaliwa kondoo mwingine, Polly, aliyenakiliwa kutoka kwenye seli iliyoongezwa jeni ya binadamu, ili maziwa yake yawe na protini ya kugandisha damu ambayo wagonjwa wa hemofilia aina ya B hawana. Kwa mzazi ambaye mtoto wake akijikwaa anavuja damu ndani ya goti usiku kucha, Polly alikuwa habari kubwa kuliko Dolly. Mradi wenyewe haukufika kwenye duka la dawa, na kampuni iliyoufadhili ilifungwa baadaye. Hata hivyo ningependa kujua wangapi katika ukumbi huu wamewahi kusikia jina la Polly kabla ya leo. Naona mikono miwili.

Dolly alipopata ugonjwa wa viungo, watu walisema anazeeka upesi kwa sababu alizaliwa na umri wa mama yake. Alipofariki tarehe 14 Februari 2003, walisema si tuliwaambia. Alikuwa na uvimbe wa mapafu unaosababishwa na virusi, ugonjwa unaojulikana kwa kondoo wanaofugwa ndani, na madaktari walimuua bila maumivu ili asiteseke. Alikuwa amezaa watoto sita kwa njia ya kawaida. Mwaka 2016 watafiti wa Nottingham walieleza afya ya kondoo 13 walionakiliwa, wanne wao kutoka seli zile zile za Dolly, na waliwakuta wamezeeka kama kondoo wengine. Habari hiyo ilipita kimya. Hadithi ya uzee wa laana ilikuwa tamu kuliko kipimo cha goti.

Na sasa nije nyumbani.

Kwanza mjue kwamba kila anayechomeka pingili ya muhogo shambani ananakili. Mgomba unaopanda chipukizi lake ni nakala. Ndiyo maana ugonjwa wa batobato au mnyauko ukiingia, shamba zima linakwenda pamoja, kwa kuwa hakuna mmea ulio tofauti wa kusimama. Hilo ni somo la kunakili ambalo bibi zetu walilijua kabla ya Roslin kujengwa.

Pili, miaka ya 2010, Nairobi, katika taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, alizaliwa dume la ng'ombe wa aina ya Boran kwa njia ile ile ya Dolly, kwa ushirikiano na watu wale wale wa Roslin. Jina lake Tumaini. Lengo ni kuushinda nagana, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na mbung'o. Nyani wana protini katika damu inayoua vimelea vya ugonjwa huo, na watafiti wanataka siku moja kuiingiza jeni yake kwa ng'ombe, ili aumwe na mbung'o na aendelee kula majani. Tumaini mwenyewe hana kinga hiyo. Yeye alikuwa hatua ya kwanza, ya kuthibitisha kwamba Boran anaweza kunakiliwa.

Habari yake ilipotoka, hakuna redio iliyotusimamisha. Hakuna riwaya iliyokuwa imemtangulia.

Nilikwenda kumsimulia Tumaini kwa wafugaji, kwenye eneo linalopakana na pori, mahali ambapo nimetibu ng'ombe miaka mingi. Niliwaeleza kila kitu, pamoja na nyani. Hawakuuliza jeshi. Mmoja aliuliza kama ndama wake watarithi kinga au kila mmoja atatengenezwa. Mwingine akauliza mbegu itakuwa ya nani, na itauzwa bei gani. Kisha mama mmoja, mjane mwenye ng'ombe kumi na moja, akasema: "Daktari, sisi hatuingizi mifugo mle porini kwa sababu ya mbung'o. Ndiye askari wa pori. Ng'ombe wetu wakiacha kumwogopa, tutaingia sote. Wale nyati watakwenda wapi?"

Nilifungua daftari nikaliandika swali lake neno kwa neno, naye akasubiri mpaka nikamaliza kuandika.