Nani Atapanda Juu ya Paa? Watu wa Niigata na Theluji Yao

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Kuzungumza habari za theluji hapa Moshi kunahitaji adabu, maana nyinyi mnaiona kila Kibo anapojifunua asubuhi. Lakini ile ya Kibo mnaitazama tu, haijawahi kuwazibia mlango. Mimi nilikaa na theluji misimu miwili, nikiwa mwanafunzi katika bonde la Uonuma, mkoa wa Niigata, Japani, na leo nataka kuwaeleza wenyeji wa kule wanaichukuliaje. Sisemi kama wanaipenda au wanaichukia. Kila nilipowauliza hivyo walinitazama kama mtu aliyemwuliza mvuvi wa Pangani kama anaipenda bahari.

Kwanza tuone inakotoka. Niigata iko latitudo moja na Athens, si nchi ya ncha ya dunia, na baridi yake mara nyingi huchezea nyuzi sifuri. Tatizo ni upepo. Majira ya baridi upepo mkavu wa Siberia huvuka Bahari ya Japani, yenye mkondo wa maji ya uvuguvugu kutoka kusini. Ukipita juu ya maji hayo hulowa, kisha hugonga safu ya milima na kulazimika kupanda. Ukipanda hupoa, na mzigo wote huuangusha upande wa Niigata. Tokyo, ng'ambo ya milima, upepo hufika umeshakamuliwa, jua linawaka na nguo zinakauka kambani. Treni ya mwendo kasi hupita kati ya nchi hizo mbili ndani ya handaki la kilomita 22. Unaingia na jua, unatoka kwenye weupe mtupu. Nilipita pale mara nyingi na sikuzoea.

Ni kiasi gani? Katika mji wa Takada, ambao si kijiji cha mlimani bali mji wa tambarare karibu na bahari, tarehe 26 Februari 1945 theluji ilipimwa ardhini ikafika sentimita 377. Mtu akisimama juu ya mabega ya mwenzake, bado wote wawili wanafunikwa. Husimuliwa kwamba zamani msafiri alikuta kibao kimechomekwa juu ya theluji kimeandikwa: "Chini ya hapa pana Takada."

Sasa nawaomba mnifuate kwenye paa, maana moyo wa jambo hili uko huko. Theluji ya Niigata, kwa kuwa baridi si kali, ina maji mengi. Ikishalala na kushindiliana, mita moja ya ujazo hufika kilo 300 na kuendelea. Chukua nyumba yenye paa la mita za mraba 100, weka theluji iliyoshindiliwa ya kimo cha mita moja: tani 30. Ni kama mzigo wa malori matatu ya tani kumi umewekwa juu ya kichwa chako wakati umelala. Mlango wa kuteleza unaanza kukwama, boriti zinalia usiku. Hapo lazima mtu apande na beleshi aiteremshe, na kazi hiyo ina jina lake, yukioroshi. Mwaka wenye theluji nyingi paa moja hupandwa mara tano, sita, na anayemaliza anashuka kukuta ile aliyoiangusha imeziba madirisha ya chini, nayo inamngoja.

Jirani yangu alikuwa bibi mmoja mjane, mkulima wa mpunga. Wajapani wana neno la theluji inayoanguka kimya usiku, shin-shin, kama sisi tunavyosema kitu kimetulia tuli. Mimi niliposikia ule ukimya, nilifungua dirisha nikaona ni uzuri ambao sijawahi kuuona. Yeye alipousikia, hakulala tena. Alikuwa akihesabu. Saa tisa za usiku tingatinga la mji lilipita kufungua barabara, na kila mwenye nyumba akajua kwamba mbele ya geti lake limeacha tuta gumu, na kabla ya saa kumi na mbili mabeleshi yalikuwa yanasikika mtaa mzima. Asubuhi salamu yao ni hiyo hiyo: imeanguka kweli kweli. Pole yao na salamu yao ni kitu kimoja, na nilipenda sana jambo hilo.

Kwa hiyo msishangae kwamba siasa ya mkoa ule imejaa theluji. Tanaka Kakuei, aliyekuwa waziri mkuu kuanzia 1972 hadi 1974, alizaliwa Niigata. Alipoanza kuomba kura aliwaambia wakulima kwamba tungeivunja milima ya Mikuni, ile safu inayoukamua upepo, kwa baruti, upepo ungepita moja kwa moja hadi Tokyo, na theluji isingeanguka tena kwetu. Wapo wanaoyachukulia maneno yale kama kichekesho. Mimi nayachukulia kama kilio. Wanaume wa mkoa ule kila majira ya baridi waliacha wake na wazee chini ya theluji, wakaenda kufanya vibarua mijini au kupika pombe ya mchele katika viwanda vya mikoa mingine, wakarudi ilipoyeyuka. Mtu aliyelelewa hivyo akiambiwa mlima unaweza kuondolewa, lazima asimame asikilize. Milima haikuvunjwa, ilitobolewa: reli ya mwendo kasi ilifunguliwa mwaka 1982.

Watu wenyewe nao walikuwa na hekima yao tangu kale. Takada kuna vibaraza vilivyoezekwa mbele ya maduka na nyumba, vinaitwa gangi. Barabara ikijaa theluji, watu hupita chini ya vibaraza hivyo kwa miguu mikavu. Ukiviunganisha vyote vinafika kama kilomita 16. Lakini ardhi ile si ya manispaa. Kila mwenye nyumba amekata kipande cha kiwanja chake mwenyewe, akakiezeka, akakiacha mpita njia apite. Hapa kwetu tunajua mtu anavyogombania hatua moja ya mpaka na ndugu yake. Nilitembea chini ya gangi mchana kutwa nikiwaza hilo.

Mji wa Nagaoka, mwanzoni mwa miaka ya 1960, ulitandaza barabarani mabomba yenye matundu yanayorusha maji ya chini ya ardhi. Maji hayo hayapoi hata theluji ikianguka, basi huiyeyusha papo hapo. Ni msaada mkubwa, ila maji yana chuma, barabara zimekuwa nyekundu kama za udongo wetu, na sehemu za bonde la Uonuma ardhi imezama kwa kuvutwa maji mno. Miji mingi pia ina mifereji ya maji kando ya barabara, na kila mtaa una saa yake ya kutupa theluji humo. Anayetupa bonge kubwa huziba mfereji na kumfurikia jirani wa chini. Ugomvi wa majirani wa kule, mara nyingi, ukiufuatilia unafika kwenye beleshi.

Mpaka hapo mtadhani theluji ni adui tu. Basi njooni Mei. Ile theluji ya mlimani inashuka taratibu, wiki baada ya wiki, inajaza majaruba, na mpunga wa Koshihikari wa Uonuma, ambao Wajapani huuhesabu kati ya michele yao bora kabisa, unakunywa maji hayo. Mlima Myoko, theluji ikipungua, hubaki na umbo kama la farasi anayeruka, na wakulima walijua kwa umbo lile kwamba wakati wa kuingia shambani umefika. Kitambaa cha Ojiya, cha nyuzi za mmea wa rami, hutandazwa juu ya theluji siku za jua la mwisho wa baridi ili kiwe cheupe. UNESCO ilikiweka kwenye orodha ya urithi mwaka 2009. Karoti huachwa ardhini chini ya theluji hadi Machi, na zinatoka tamu ajabu. Na mwaka 1950 watu wa Tokamachi walianza tamasha la sanamu za theluji, wakasema wazi kwamba wataifanya iwe rafiki.

Msimu wa 2019 kuingia 2020 theluji karibu haikuja. Ulikuwa upungufu wa kuvunja rekodi upande ule wa bahari. Mngetarajia sherehe. Bibi alinipigia simu, sauti yake ya wasiwasi: mashamba yatakunywa nini? Halafu Desemba ya mwaka huo huo, 2020, ikaanguka kwa ghafla hata magari kama 2,100 yakakwama kwenye barabara kuu ya Kan-etsu, watu wakalala ndani ya magari.

Mimi naamini kilichobadilika si theluji, ni mikono. Zamani nyumba ilikuwa na vijana watatu, wanne, na kupanda paa kulikuwa kazi ngumu yenye soga na chai ya moto baadaye. Vijana wamehamia Tokyo. Msimu wa 2005 hadi 2006 theluji iliua watu 152 Japani nzima, na wengi wao walikuwa wazee wa zaidi ya miaka 65, walioanguka kutoka juu ya paa au kufunikwa na theluji iliyoporomoka walipokuwa wakiisafisha. Ukimwuliza mtu wa miaka 30 na mtu wa miaka 80 kuhusu theluji ile ile, majibu mawili utakayopata yanatofautiana kwa sababu ya magoti yao.

Nilimwuliza bibi kwa nini asihamie kwa mwanawe Tokyo. Alisema alijaribu msimu mmoja. Anga ilikuwa safi kila siku, hakuwa na la kufanya, na Machi ilipofika hakuona kitu chochote kikiyeyuka, akawa hajui kama mwaka umegeuka. Akarudi.

Bado tunazungumza kila Januari. Hata kabla hajaniuliza watoto, hunitajia sentimita. Mwaka huu amesema paa limepandwa mara nne, mara zote na kijana wa kulipwa anayetoka mji wa pili, na kwamba alisimama chini akimshikia ngazi.